Ombi la Pili kwa Mwenye Pembe

Punje za mchele alizomwaga Vololona jikoni jana yake zilikuwa palepale chini ya kinu, na hakuna hata moja iliyoguswa. Mtu mwingine angefagia tu akaendelea na siku yake. Lakini Vololona alikuwa ameishi katika nyumba ile tangu alipoolewa, na katika miaka yote hiyo haukupita usiku ambao panya hawakushuka kutoka darini kuja kudai fungu lao. Alisimama na fagio mkononi, akatega sikio. Paa lilikuwa kimya kama kifua cha maiti.

Mumewe, Ralaivao, alikuwa ameketi karibu na mafiga akinywa maji ya ukoko wa wali, kikombe amekikumbatia kwa viganja viwili.

"Panya wamehama," Vololona akamwambia.

"Wameona sikukuu inakaribia. Wameenda kula Krismasi kwa jirani Dezy. Kule kuna mahindi."

"Sitanii, Baba Fanilo."

"Hata mimi sitanii. Mwaka huu panya wakituhama ni heri. Au redio huisikii?"

Alikuwa akiisikia. Tangu mvua za kwanza redio ilikuwa na habari mbili tu, ikimaliza hii inashika ile. Upande wa mashariki, baharini, kimbunga kilikuwa kikizaliwa, na wataalamu walikuwa hawajajua kitageukia wapi. Mjini wilayani kulikuwa na tauni ya mapafu, ile inayopita kwa kikohozi. Tauni si ngeni kwetu nyanda za juu. Huja na mvua karibu kila mwaka, kama kumbikumbi. Lakini safari hii alikuwa amekufa mwalimu wa kijiji cha pili, kijana, mwenye sauti nzuri kanisani, akazikwa na watu waliojifunika plastiki mwili mzima, mbali na kaburi la ukoo wake, kando ya mikaratusi. Kwetu mtu akifa huenda kulala na wazee wake. Yule alikwenda kulala na miti. Mama yake alisimama mbali, kwenye tuta la jaruba, akazuiwa kusogea.

Panya wakifa majumbani, kila mtu anajua maana yake. Panya wakiondoka tu, wazima, hakuna aliyewahi kusimulia maana yake. Vololona alifagia zile punje taratibu. Hakumwambia mumewe kwamba alidhani anajua.

Katika chumba cha chini, kwenye kona ya kaskazini mashariki ambayo kila nyumba yetu huwaachia wazee waliotangulia, ilitundikwa pembe ya ng'ombe kwa kamba ya katani. Ndani yake mlikuwa na udongo wa bondeni, asali iliyoganda, shanga, na vijiti ambavyo hakuna aliyebaki hai ajuaye majina yake. Ilikuwa pembe ya kuzuia mvua ya mawe. Ukoo wa Ralaivao uliitunza tangu enzi za mababu, na kila mavuno bonde zima liliwaletea mpunga wa kwanza. Wote walikuwa watu wa kanisa, na hapakuwa na aliyeona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Mchungaji mwenyewe alikuwa na jaruba bondeni.

Mama mkwe wa Vololona, kabla ya kufa, alimshika mkono akaupeleka kwenye ile pembe.

"Humu mna mwenyewe," alimwambia. "Ana sikio moja tu. Mwambie jambo moja: mvua ya mawe isishuke kwenye mpunga. Basi. Usimwombe mvua, usimwombe mtoto, usimwombe afya."

"Atakasirika, mama?"

"Hatakasirika. Atakubali."

Vololona alilishika neno hilo miaka yote. Wingu baya likionekana, aligusa pembe, akasema lile moja, akarudi kwenye kazi zake. Kisha ikaja simu ya Fanilo.

Fanilo alikuwa binti yao wa pekee. Alikuwa akishona nguo katika kiwanda huko mji mkuu, na alikuwa na mtoto wa kiume, Mihaja, ambaye Vololona alimwona mara ya mwisho akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Krismasi moja ugonjwa ulifunga barabara. Iliyofuata, kimbunga kilibeba daraja. Sasa Mihaja alikuwa anakimbia, anaimba, anauliza majina ya vitu, na bibi yake alimjua kwa sauti tu, kama mtu wa redioni. "Mwaka huu tunakuja, mama," Fanilo alisema. "Hata kwa miguu."

Usiku ule Vololona hakulala. Aliwaza basi dogo lililojaa watu hadi mlangoni, wanapumuliana kutoka mji mkuu hadi wilayani. Akawaza mto na upepo. Akamwaza mama yule kwenye tuta la jaruba. Alitaka waje kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na alitaka wasije, na matakwa hayo mawili yalikuwa na nguvu sawa. Jumapili, watu wakiwa kanisani, alibaki nyumbani akisingizia kichwa. Akaenda kwenye kona, akaweka viganja vyote viwili kwenye pembe, akasema lile la mvua ya mawe. Mdomo haukufunga. Ukaongeza wenyewe:

"Na chochote cha nje kisivuke ua huu."

Pembe ilitoka jasho. Alilihisi, baridi, likipita kati ya vidole vyake. Kisha juu, kwenye mbao za jikoni ghorofani ambako hapakuwa na mtu, kitu kidogo kigumu kikaanguka, kikabiringika polepole, tik, tik, tik, mpaka usawa wa kichwa chake, kikasimama.

Sasa panya walikuwa hawapo, na wao ndio walikuwa wa kwanza.

Siku zilizofuata Ralaivao hakutoka nyumbani. Alikuwa juu ya paa, akipanga magunia ya mchanga juu ya mabati ili kimbunga kisije kuyachukua, na kuimba nyimbo za Krismasi kwa sauti yake mbovu. Alasiri moja mvua ilishuka, nzito, ya kawaida, bonde zima likawa kijivu. Vololona akamsikia mumewe akishuka ngazi, kisha hakusikia nyayo tena.

"Mama Fanilo," akaita, kwa sauti ndogo. "Njoo uone."

Alikuwa amesimama katikati ya ua, kichwa wazi, mkavu. Mvua ilikuwa ikinyesha pande zote nne. Ilinyesha hadi kwenye ua wa mkonge, ikaishia hapo, kama pazia. Ndani ya ua vumbi lilikuwa vumbi. Ralaivao alinyoosha mkono juu ya ule mkonge, ukalowa hadi kiwiko; akaurudisha, akautazama ukikauka.

"Umewahi kuona kitu kama hiki?" akauliza.

"Upepo tu," Vololona akasema.

"Upepo gani mraba?"

Hewa ilikuwa na harufu. Kila mtu wa bonde lile anaijua, na hakuna anayeipenda: majani mabichi ya mpunga yaliyopondwa, yamechanganyika na ubaridi wa chuma. Ni harufu ya jaruba baada ya mvua ya mawe kupita. Lakini mpunga ulikuwa umesimama salama bondeni kote. Harufu ilikuwa inatoka ndani ya nyumba.

Kesho yake akaja Dezy, jirani yao, kurudisha ungo. Dezy ni mtu asiyenyamaza. Watu husema hata akizikwa, watakaolala naye kaburini watahama. Vololona alimsikia tangu bondeni akisimulia, ingawa hakuwa na wa kumsimulia, habari za mbuzi wa shemeji yake. "Nikamwambia, shemeji, mbuzi hajui Krismasi, wewe ndiye unayejua, sasa ukimfunga karibu na," akafika langoni, akanyamaza. Mdomo ulibaki wazi. Alitazama ungo mkononi, akaugeuza huku na huku kama mtu aliyeuokota njiani.

"Ingia, Dezy," Vololona akamwita kutoka mlangoni.

Macho ya Dezy yalipita juu yake, juu ya nyumba, juu ya magunia ya paa, bila kutua popote, jinsi mtu anavyotazama kiwanja kisicho na kitu. Akageuka, akarudi alikotoka. Alipofika kwenye tuta, sauti yake ikaanza tena: "karibu na mlango, shemeji, atakula kofia yako."

Vololona alitaka kucheka. Akajikuta ameshika kizingiti kwa mikono miwili.

Mkesha ulipokaribia, Ralaivao alitoka kwenda mnadani kununua bata wa sikukuu, kwa kuwa nyumba yenye ile pembe haili nguruwe. Vololona alimwomba asiende. Alimwomba mara ya pili, akamshika shati.

"Mjukuu wangu atakula nini, maji ya ukoko?" Ralaivao akasema. "Nitafunga kitambaa puani. Nitasimama mbali na watu. Hata bata nitachagua asiyekohoa." Akavaa kofia yake ya majani, akatoka. Alivuka lango bila shida, kwa kuwa kutoka hakukuwa na kizuizi.

Alirudi jua likiwa bado juu, bata kwapani. Vololona alimwona akipanda njia ya tuta kwa ule mwendo wake wa bega moja kushuka, akahisi moyo ukirudi mahali pake, akatoka hadi langoni kumpokea. Ralaivao akafika. Akavua kofia. Akamwinamia kidogo, kwa adabu, jinsi tunavyowainamia wakubwa tusiowajua.

"Samahani, mama," akasema. "Nyumba hii ya nani?"

"Baba Fanilo."

"Simjui. Nimepotea kidogo, naona." Akatabasamu, tabasamu la aibu ambalo Vololona alikuwa hajaliona tangu siku alipokuja kumposa. "Kuna mtu alikuwa ananingojea mahali, nimesahau ni wapi."

Alimshika mkono, akamvuta. Mkono ulikuwa wa moto, wa kawaida, wenye sugu zake zote anazozijua, na miguu ya mumewe ilijaribu kweli kufuata, lakini kwenye mstari wa lango ilikanyaga palepale, kama ya ng'ombe aliyeona daraja bovu, na uso wake ukaanza kuingiwa na hofu ya mtu anayevutwa na mwanamke mgeni kuelekea mahali asipopaona, bata akapiga kelele, na kutoka ndani ya nyumba, nyuma yake, juu ya mbao, Vololona akakisikia kile kitu kikibiringika, tik, tik, tik, kikija kwa haraka sasa, kikishuka ngazi moja baada ya nyingine. Akamwachia.

"Nenda kwa Dezy," akamwambia. "Yule pale bondeni. Atakulaza."

"Asante, mama. Mungu akubariki kwa sikukuu."

Akaenda. Hakugeuka nyuma.

Ndani ya ua simu haikushika tena, kwa hiyo Vololona alipanda kilimani kumpigia binti yake. Yeye aliweza kutoka na kurudi. Aliyeomba hakuwa cha nje.

"Fanilo, msije."

Kulikuwa na kelele za kituo cha mabasi, na mtoto akiimba. "Mama, kila mwaka una sababu."

"Kuna tauni wilayani. Na kimbunga."

"Huku nako kuna tauni. Na mafuriko. Mama, hakuna mahali pasipo na kitu. Nimefunga mizigo, Mihaja jana alilala na viatu miguuni." Kisha binti akauliza kwa upole, "Niambie kweli. Unataka tuje au hutaki?"

Upepo ulipita juu ya kilima. Vololona alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakujua mdomo wake ungesema nini, akauogopa, akaufunga.

"Mama? Basi limefika. Tutaongea huko."

Kutoka kilimani hakurudi nyumbani. Alikwenda kwa Razoely, bibi kizee anayewatibu watu wenye pepo, anayekaa nyuma ya shule peke yake na kuku wake. Razoely alimsikiliza akichambua maharage. Hakushangaa, hakumlaumu. Alipomaliza kusikia, aliuliza jambo moja tu.

"Ulisema 'kibaya cha nje', au 'chochote cha nje'?"

"Chochote."

"Hata ungesema kibaya, mwanangu, yeye angejuaje? Sisi wenyewe hatujui mpaka kimeshaingia." Akatupa punje mbovu kwa kuku. "Kwake yeye jiwe la mvua, panya, mume na mjukuu vyote vimetoka nje."

"Njoo umtoe, bibi. Nakuomba."

"Nitaingilia wapi? Nikifika langoni nitakuuliza kama umeona kuku wangu."

"Basi nimwambie aache lile la pili, abaki na la kwanza."

"Ana sikio, hana mdomo. Kilichoingia hakirudi." Razoely akaweka ungo chini. "Itoe pembe kwa mikono ileile iliyoomba, ipitishe mlangoni, uimwage langoni. Lakini ukiimwaga umemwaga yote. Mvua ya mawe nayo itaona njia. Ugonjwa utapita kama unavyopita kwa wenzako. Hutachagua kipi kiingie."

"Mpunga wa watu wote, bibi."

"Najua. Na wangu umo."

Shuleni watoto wa kwaya walikuwa wakijaribu wimbo wa mkesha, wakikosea mahali palepale kila mara.

"Kuna jambo tena," Razoely akasema alipomsindikiza. "Ukishaimwaga, usiombe tena, hata kwa moyo. Pembe ni chombo tu. Aliyekuwemo atakuwa hana pa kukaa, atatafuta."

Vololona alirudi na nia. Aliingia hadi kwenye kona, akanyoosha mikono, na mikono ikakataa. Si yule wa ndani ya pembe aliyeizuia. Alilijua hilo vizuri, na ndilo lililomtia huzuni. Nje kulikuwa na mpunga wa kijani wa bonde zima, umefika magotini, chakula cha watu wanaomsalimia kila asubuhi. Nje kulikuwa na kikohozi cha mjini. Aliketi sakafuni akitazama pembe, na pembe ikatoka jasho, na giza lilipoingia alikuwa bado ameketi, na alfajiri vilevile, na nyumba ilikuwa safi, kavu, salama, haina mbu, haina nzi, haina sauti, na ile harufu ya mpunga uliopondwa ilikuwa imeingia hadi kwenye nywele zake.

Alasiri ya mkesha wingu lilitoka nyuma ya vilima vya magharibi. Halikuwa la kimbunga. Lile lilikuwa bado baharini, habari ya redioni tu. Hili lilikuwa dogo, la rangi ya jivu lenye ukijani kwa ndani, na watu wa bondeni waliliona, wakageuka wote kutazama nyumba ya mwenye pembe, kisha wakasahau walikuwa wakitazama nini.

Vololona alikuwa dirishani. Kwenye njia ya tuta, mbali, walikuwa wakija wawili: mwanamke mwenye begi kichwani, na mtoto mdogo mwenye koti jekundu, akirukaruka juu ya madimbwi. Mtoto alikimbia mbele. Alifika karibu na lango, karibu kabisa, Vololona akauona uso wake, mashavu ya Ralaivao, masikio ya Ralaivao, kisha mtoto akasimama, akatazama huku na huku, akaanza kulia kama watoto wanavyolia sokoni wakigeuka na kumkosa mama. Fanilo akamfikia, akatua begi. Akaitazama nyumba aliyozaliwa ndani yake. Vololona alilipiga dirisha, akaita jina lake, akaliita tena, na binti akamshika mtoto mkono, akageuka kuelekea jaruba tupu, kwenye uwanda usio na mti wala kibanda, na mawe ya kwanza yakaanza kushuka pale pasipo na mpunga, makubwa kama mayai ya njiwa, yakiruka juu ya maji.

Hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika kwenye kona. Alikumbuka kwamba kamba ilikatika bila kuvutwa sana, na kwamba pembe ilikuwa nzito kama mtoto aliyelala, na baridi yake ikapanda hadi mabegani, na katika kuivusha ile sakafu ambayo kwa kawaida ni hatua chache alisikia kitu kikimfuata nyuma, si kimoja tena, vingi, mamia, vikibiringika kwenye mbao za juu na ngazini na kutani, na katikati ya kelele hiyo sauti ya kunong'ona iliyokuwa sauti yake mwenyewe, isiyo na hasira, ya mtu anayekumbusha tu: chochote cha nje, chochote cha nje, chochote cha nje. Akavuka mlango. Akavuka ua mkavu. Langoni akaigeuza pembe juu chini, ukatoka udongo, zikatoka shanga, na mwishoni likatoka jiwe moja jeupe la barafu, dogo, zima, lililokaa humo tangu enzi za mababu bila kuyeyuka. Likabiringika hadi kwenye vidole vya miguu yake, likayeyuka.

Na hapo mvua ya mawe ikauvuka ule mkonge.

"Fanilo," akaita.

Binti aligeuka katikati ya jaruba, mtoto kifuani, damu kidogo kwenye paji la uso. "Mama," akalia, "mbona umesimama nje?"

Jioni ile nyumba ilijaa. Mabati mawili yalitoboka, maji yalidondoka ndani ya sufuria, mbu waliingia. Ralaivao alikuja mbio bata kwapani, amelowa chepechepe, na kitu cha kwanza alichosema kilikuwa, "Mama Fanilo, nieleze kwa nini nilikuwa nalala kwa Dezy. Mtu yule anaongea hadi usingizini." Fanilo akacheka hadi akashika ubavu. Mihaja aliuliza jina la kinu, la mafiga, la upawa, na bibi yake akamjibu kila moja kama anayempa zawadi.

Hakuna aliyesema habari ya bonde. Wakati wa kuchota maji Vololona alikuwa ameliona. Mpunga ulikuwa umelala wote, umechanika kama nyuzi, na Dezy alikuwa amesimama katikati ya jaruba lake na kofia mkononi, kimya. Alipoiona nyumba, aliitambua. Aliitazama kwa muda, kisha akatazama chini. Vololona angependa amtukane.

Walikula bata jikoni juu, wameuzunguka moto. Darini pakasikika mkwaruzo, kisha mwingine, kisha vijiguu vikikimbia kutoka ncha moja ya paa hadi nyingine. Panya walikuwa wamerudi. Vololona aliinua uso akawasikiliza, na machozi yakamlenga. Hakuwahi kudhani angefurahi kuwasikia. Kwaya ilikuwa inaanza kanisani. Mihaja alijilaza mapajani mwake, mzito, wa moto, kiatu kimoja kimemtoka.

Akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu. Ralaivao aliacha kutafuna.

"Ni moshi, mama," Fanilo akasema. "Hajazoea moshi wa kuni."

"Ni moshi," Ralaivao akasema.

"Ndiyo, ni moshi," Vololona akasema, na kiganja chake kikaenda kwenye paji la mtoto, kikakaa hapo, kikijaribu kupima kama joto lile ni la moto wa mafiga, au la usingizi, au la safari, au ni jingine. Mtoto akakohoa tena. Vololona akaubana mdomo wake kwa nguvu, meno juu ya meno, kama alivyousiwa. Hakutamka neno. Lakini mdomo si mlango pekee wa mtu, na ndani kabisa ya kifua chake, mahali ambapo hakuna aliyewahi kutundika pembe yoyote, lile ombi lilikuwa limeshasimama lenyewe, kamili, kabla hajajua kwamba ameliomba.

Darini panya wakanyamaza, wote kwa mara moja.

Kutoka upande wa kaskazini mashariki kitu kidogo kigumu kikabiringika kwenye mbao, tik, tik, tik, bila haraka, kikaja hadi kwenye goti lake, kikasimama. Harufu ya mpunga uliopondwa ikapanda.

Ng'ambo ya moto Fanilo aliacha kula. Alitazama kipande cha nyama mkononi mwake, akakirudisha sahanini taratibu. Akatazama mafiga, akatazama kinu. Kisha akasimama, akaja akamchukua mtoto wake kutoka mapajani mwa Vololona, kwa upole, akimwinamia jinsi tunavyowainamia wakubwa tusiowajua.

"Samahani, mama mwenye nyumba," akasema. "Hapa ni kwa nani?"